Kadi za Zamani za Besiboli Zilizochorwa: Maswali Ninayoulizwa Kila Majira ya Baridi

Ninaishi Syracuse, kaskazini mwa jimbo la New York, mji unaopata theluji ya karibu mita tatu kwa mwaka wa kawaida. Kazi yangu ni ya usiku. Mchana wa Desemba nikiamka, jua limeshaanza kuaga, na ikifika saa kumi na nusu jioni kiza kimetanda. Siku kama hizo ninakaa mezani na kadi za zamani za besiboli, zile zilizochorwa. Wageni wakinikuta na lenzi jichoni huuliza. Ndugu wa nyumbani wakipiga simu ya video huuliza pia. Yanayojirudia nimeyaweka hapa pamoja na majibu yangu.

Ni kadi gani hizi? Karata?

Si karata. Ni kipande cha karatasi ngumu, upande mmoja sura ya mchezaji, upande wa pili tangazo au maelezo mafupi. Ukitaka kuielewa haraka ifikirie kama kanga: ina pindo, ina mji, ina jina. Pindo ni ukingo mweupe, mji ni mchoro wa mchezaji, na jina lake limeandikwa pale chini.

Zilianza na sigara. Miaka ya 1880 pakiti za sigara Marekani zilikuwa laini, zikikunjamana mfukoni, kwa hiyo makampuni yakatia kadibodi ndani ili sigara zisivunjike. Kisha wakaona kadibodi tupu ni hasara, wakaichapa picha, na mvutaji akawa anarudi dukani kutafuta picha asiyokuwa nayo. Mwaka 1887 Allen & Ginter ya Richmond, Virginia, ilitoa seti ya mabingwa 50 wa michezo mbalimbali. Kumi walikuwa wa besiboli. Wengine mabondia, wapiga makasia, wanamieleka, na walenga shabaha kama Annie Oakley. Rangi zake hadi leo zinang'aa utadhani wino haujakauka.

Baada ya sigara zikaja peremende, na baada ya peremende ikaja bazoka, yaani chingamu. Hiyo ina jibu lake huko chini.

Kwa nini unapenda zilizochorwa, wakati za picha halisi pia zipo?

Zipo, na baadhi ni za zamani kuliko nyingi za kuchora. Goodwin & Company ya New York, kwa sigara zake za Old Judge, ilitoa mamia kwa mamia ya kadi za picha katika nusu ya pili ya miaka ya 1880. Wachezaji walipigwa picha studio, mpira umening'inizwa kwa uzi, na kwenye kadi nyingi uzi wenyewe unauona. Ni nzuri na nina heshima nazo.

Lakini kamera ya zama zile haikujua rangi. Mchoraji alipewa picha ya rangi ya majivu, na yeye ndiye aliyeamua anga iwe ya machungwa, jezi iwe na kivuli cha buluu, nyasi ziishie hapa. Ninapoangalia kadi iliyochorwa ninaangalia maamuzi ya mtu. Na mtu huyo kwa kawaida hana jina. Hakutia saini. Mchezaji ameandikwa, sigara imeandikwa, hata kiwanda kimeandikwa nyuma, mchoraji hayumo. Kwangu huyo ndiye ninayemkusanya.

Na kwa nini majira ya baridi? Si besiboli ni mchezo wa jua?

Ndiyo maana hasa. Ligi kuu inaanza mwishoni mwa Machi na kwisha kati ya Oktoba na siku za kwanza za Novemba. Kuanzia hapo hadi katikati ya Februari, warushaji na wadakaji wanapoitwa kambini, hakuna mpira. Wamarekani wana jina la kale la kipindi hicho, ligi ya jiko la moto: wanaume walikuwa wakizunguka jiko la duka la kijijini, theluji nje, wakibishana kuhusu msimu uliopita na ule ujao. Kadi ziliishi humo humo, kwenye mifuko ya makoti.

Kuna sababu nyingine, ya macho. Siku yenye mawingu mazito mwanga wa dirishani hauna ukali wala mng'ao juu ya karatasi. Nikiiweka kadi karibu na dirisha saa nane mchana, theluji ya nje ikirudisha mwanga kwa upole, rangi zinasomeka zilivyo. Jua la Julai linazipausha machoni, na likipewa muda linazipausha kweli.

Na ndugu zangu mnaobeba maboksi huku ughaibuni mnajua kiza hiki kinavyoweza kumkalia mtu kifuani. Kukaa saa mbili na kitu kidogo chenye rangi ya machungwa kumenisaidia. Sisemi zaidi ya hapo.

T206, N28, E90: hizi herufi na namba za seti za kadi alizitoa nani?

Alizitoa jirani yangu, kama ningezaliwa mapema.

Jefferson Burdick alizaliwa mwaka 1900 huko Central Square, kaskazini kidogo mwa Syracuse, akasoma chuo kikuu hapa hapa, kisha akafanya kazi katika kiwanda cha vifaa vya umeme cha Crouse-Hinds. Hakuoa. Ugonjwa wa viungo ulimshika tangu ujanani na kuendelea kumkunja vidole mwaka hadi mwaka. Mshahara wake ulikuwa wa mfanyakazi wa kawaida. Katika hali hiyo alikusanya vipande vya karatasi ambavyo wenzake walitupa: kadi za sigara, za peremende, za matangazo ya biashara, postikadi, kadi za wapendanao. Wachezaji wa besiboli walikuwa fungu moja tu la mali yake.

Tatizo la wakusanyaji wa zama zile lilikuwa lugha. Mmoja akimwandikia mwenzake barua kuwa ana kadi nyeupe za sigara za mwaka fulani, mwenzake hakujua ni zipi. Burdick akakaa na kuzipanga zote, na mwaka 1939 akatoa katalogi. N ni tumbaku ya karne ya 19. T ni tumbaku ya karne ya 20. E ni peremende za mapema. R ni za enzi ya chingamu. Kila seti ikapata namba. Leo mtu wa Tokyo akimwambia mtu wa Chicago "T206" wanaelewana papo hapo, na wote wanazungumza lugha ya mfanyakazi mmoja wa kiwandani wa Syracuse.

Kisha akafanya jambo ambalo bado linanigusa. Aliona afya inakwisha, akaamua kuipa jumba la makumbusho la Metropolitan, New York, kila alichokuwa nacho: vipande zaidi ya 300,000, kati yake zaidi ya 30,000 vya besiboli. Jumba likakubali kwa makubaliano kwamba apange mwenyewe. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1940 alikuwa akienda pale na kubandika kadi kwenye albamu, moja moja, kwa vidole visivyonyooka. Alimaliza Januari 1963. Machi mwaka huo huo akafariki.

Nikipita barabarani hapa, theluji imefika kiunoni na gari la kuizoa halijafika mtaani kwetu, huwa namfikiria akirudi kutoka zamu na bahasha ya barua mfukoni.

Zilichapwaje, kabla ya mashine za leo?

Kwa litografia. Msingi wake ni kwamba mafuta na maji havichangamani. Fundi anachora kwa kitu chenye mafuta juu ya jiwe laini la chokaa, au baadaye bamba la chuma, analilowesha kwa maji, kisha anapaka wino wa mafuta. Wino unashika pale palipochorwa tu. Kila rangi ina jiwe lake, na karatasi inapita tena na tena, kama rangi za batiki zinavyoingia moja baada ya nyingine. Jiwe likihama kidogo, wekundu wa mdomo unaangukia kidevuni. Zipo kadi ambazo rangi moja ilirukwa kabisa, na wenye kuzitafuta hulipa vizuri.

Nikupeleke karibu. Ninayo kadi moja ya T206 ya Frank Chance, ile yenye mandhari nyekundu nyuma ya kichwa chake. Ina upana wa sentimita 3.7 na urefu wa 6.7, kama stempu mbili kubwa zilizosimamishwa. Kwa macho matupu shavu lake ni rangi moja ya ngozi. Weka lenzi inayokuza mara kumi, shavu linafumuka na kuwa vitone: vya waridi, vya njano, vya buluu hafifu pale chini ya taya, kila kimoja mahali pake. Jicho limefanywa kwa mistari michache sana. Nilijaribu kuihesabu nikafika saba. Jina lake na la timu, kwa wino wa kahawia, ni mstari mzima usio na kitone hata kimoja. Na kuna mkunjo unaopita juu ya bega la kushoto ambapo wino umebanduka na karatasi inaonekana, nyeupe chafu kama pamba. Mkunjo huo ndio ulionifanya niweze kuinunua.

Chance alikuwa mchezaji wa kituo cha kwanza na meneja wa Chicago Cubs walipotwaa ubingwa mwaka 1907 na 1908. Baada ya hapo timu ile haikuuona ubingwa tena hadi 2016. Alikuwa na tabia ya kusimama karibu mno na njia ya mpira, akapigwa mara nyingi, hata kichwani, na masikio yake yakaja kuwa mazito. Mchoraji hakuweka lolote kati ya hayo. Ameweka mtu aliyetulia, na nyekundu nyuma yake kama ukuta wa machweo.

Seti nzima ya T206 ilitoka 1909 hadi 1911, ina kadi 524, na nyuma zake zinatangaza tumbaku za majina 16, nyingi zikiwa sigara: Piedmont, Sweet Caporal, Polar Bear, Sovereign na nyinginezo, karibu zote za mikono ya American Tobacco Company. Mwaka 1911 Mahakama Kuu ya Marekani iliamuru kampuni hiyo ya tumbaku ivunjwe, na enzi ikaanza kufifia.

Ile kadi ya mamilioni ya dola ni ipi?

Honus Wagner wa Pittsburgh, kwenye seti hiyo hiyo ya T206. Uchapaji wake ulisimamishwa mapema, na zilizobaki zinakadiriwa kuwa kati ya 50 na 200. Inasimuliwa kwamba hakutaka watoto wanunue tumbaku ili wapate sura yake. Wengine wanasema alitaka alipwe. Yeye mwenyewe alikuwa akitafuna tumbaku. Agosti 2022 nakala moja iliuzwa dola milioni 7.25.

Nakala iliyo maarufu kuliko zote, iliyowahi kuwa mikononi mwa mchezaji wa hoki Wayne Gretzky, ina kisa cha kuhuzunisha: mwaka 2013 Bill Mastro, mfanyabiashara aliyeiuza miaka ya 1980, alikiri mahakamani kwamba aliikata kingo ili ionekane safi. Kila nikikumbuka hilo naona uchungu. Kitu kilipita salama mikononi mwa wavutaji sigara na watoto wa mitaani kwa miaka zaidi ya sabini, kikaja kukatwa na aliyedai kukipenda.

Swali hili linachukua nafasi kubwa mno kwenye mazungumzo. Kuna kadi nyingine 523.

Dada, watu weusi wako wapi kwenye kadi hizo?

Hawapo. Mdogo wangu, umeuliza swali ambalo na mimi lilinisimamisha nilipoanza. Pitia T206 yote, pitia kadi za bisi za Cracker Jack za 1914 na 1915, pitia kadi za chingamu za Goudey za 1933: hakuna Mmarekani mweusi hata mmoja. Si kwamba hawakucheza. Moses Fleetwood Walker alicheza ligi kuu mwaka 1884 akiwa na Toledo, na 1888 na 1889 alikuwa mdakaji hapa Syracuse, na timu ya Stars. Kisha mlango ukafungwa. Haukuandikwa popote kuwa umefungwa. Wamiliki walielewana tu, na maelewano hayo yakadumu zaidi ya nusu karne. Weusi wakaunda ligi zao. Josh Gibson, mpigaji ambaye mipira yake bado inasimuliwa, alifariki Januari 1947 bila kampuni kubwa ya Marekani kumtolea kadi akiwa hai. Cuba, ambako wachezaji wale walikwenda kucheza wakati Marekani kuna theluji, ilikuwa na moyo mwingine: John Henry Lloyd alionekana kwenye kadi za sigara za kule.

Miezi mitatu baada ya kifo cha Gibson, tarehe 15 Aprili 1947, Jackie Robinson aliingia uwanjani na Brooklyn Dodgers. Kadi zikafuata. Ukitaka kumwona akiwa amechorwa, tafuta seti za makampuni ya chingamu: Bowman ya 1950, kadi namba 22, au Topps ya 1953, ambako amepewa namba 1. Kwenye seti hiyo ya 1953 yumo pia Satchel Paige, mrushaji aliyeruhusiwa ligi kuu akiwa na miaka 42. Jina lake wamelikosea, wakaongeza herufi l moja. Uso wake hawakuukosea. Mchoraji amempa makunyanzi na macho ya mtu aliyesubiri sana, na mimi kadi hiyo naiweka juu ya zote za karne hiyo.

Kwa hiyo ninapokusanya za kabla ya 1947 ninajua ninakusanya pia pengo. Nimeacha kurasa mbili tupu kwenye albamu yangu kati ya Goudey na Bowman, na mwanangu alipouliza za nini nilimweleza haya haya.

Bazoka inaingiaje?

Watanzania tuliokula bazoka shuleni hatukujua kwamba tunataja jina la biashara. Bazooka ilikuwa chingamu ya kampuni ya Topps ya Brooklyn, iliyoanza kuuzwa 1947, na Topps ndiyo iliyokuja kutawala kadi za besiboli.

Walioanza vizuri ni Goudey wa Boston. Mwaka 1933, hali ya uchumi ikiwa mbaya kupindukia, waliuza kipande cha chingamu na kadi moja kwa senti moja. Seti ina kadi 240, na Babe Ruth yumo mara nne: mandhari ya njano, nyekundu, kijani, na moja ya mwili mzima. Namba 106 hawakuichapa mwaka ule. Watoto waliendelea kununua chingamu wakiitafuta namba isiyokuwepo. Walioandika barua kulalamika walitumiwa mwaka uliofuata, ikiwa na sura ya Nap Lajoie, mchezaji aliyekuwa amestaafu zamani.

Bowman ya Philadelphia ilitawala kuanzia 1948. Seti yake ya 1950, kadi 252, imechorwa yote, na ya 1951 ina kadi za kwanza za Mickey Mantle na Willie Mays. Topps ikajibu mwaka 1952 kwa kadi kubwa 407, picha zilizotiwa rangi kwa mkono. Zile za namba za mwisho zilichelewa kutoka, msimu ukaisha, maboksi yakabaki ghalani. Sy Berger, mmoja wa walioibuni seti ile, alisimulia mwenyewe jinsi mwaka 1960 alivyozipakia kwenye tishari na kuzitosa baharini karibu na New Jersey. Namba 311 miongoni mwake ni Mantle, na nakala yake moja mwaka 2022 ilifikia dola milioni 12.6. Mwaka 1956 Topps waliinunua Bowman, na polepole kamera ikachukua kazi ya mchoraji.

Sina hela nyingi. Nianze na ipi?

Bowman za 1950 hadi 1952, au Topps za 1953 na 1956, wachezaji wasio nyota, zenye kona zilizochakaa. Nyingi utazipata kwa dola tano hadi kumi na kitu. T206 ya mchezaji wa kawaida iliyokunjwa bado unaipata chini ya dola mia. Usianze na seti. Anza na kadi moja unayotaka kuiangalia kesho tena.

Mimi nachagua zilizochakaa hata ninapoweza kulipia nzuri zaidi. Cracker Jack za 1914 zilikuwa ndani ya boksi la bisi zenye sukari ya kuungua, na nyingi zina doa la kahawia la sukari hiyo. Mwaka 1915 kampuni ilikubali kutuma seti nzima kwa posta, ndiyo maana za 1915 ni safi zaidi. Nipewe yenye doa. Kuna mtoto alikula bisi pale.

Nitajuaje kwamba si feki?

Rudi kwenye jina la kahawia niliposema ni mstari mzima. Nakala za kisasa hupiga picha kadi yote pamoja na maandishi, kwa hiyo ukiweka lenzi, jina nalo limevunjika vitone vilivyopangwa kama maua. Hapo umeshajua.

Pili, ile taa ya zambarau ya kukagulia noti. Karatasi nyingi zilizotengenezwa baada ya Vita Kuu ya Pili zina dawa ya kung'arisha, na chini ya taa hiyo zinawaka buluu-nyeupe. Kadi ya 1910 haitakiwi kuwaka.

Tatu, rula. Mwaka wangu wa pili nilinunua kadi kwenye maonyesho ya Januari, ukumbi umejaa, mikono yangu bado imekufa ganzi kwa baridi. Kona zilikuwa kali kama wembe na nilifurahi. Nilipofika nyumbani na kuilaza juu ya nyingine ya seti ile ile, ilikuwa fupi kwa zaidi ya milimita moja upande wa juu. Ilikuwa imekatwa. Muuzaji sikumpata tena. Tangu siku hiyo rula iko kwenye mkoba wangu, na kona zikiwa kali kupita umri wake ninaiweka chini kadi.

Kampuni kama PSA na SGC hukagua kadi, huipa alama kutoka 1 hadi 10 na kuifunga ndani ya plastiki ngumu. Kwa kadi ya bei kubwa nakushauri ununue iliyokwisha kupimwa. Za bei ndogo zibaki huru.

Nazitunzaje kwenye nyumba yenye hita?

Hita ndiyo adui wa kwanza wa majira haya. Inakausha hewa, na karatasi ya miaka mia ikikauka upande mmoja inajipinda kama jani la mgomba. Iliwahi kunitokea: kadi ya Bowman niliiacha usiku mmoja kwenye rafu iliyo juu ya hita. Haikunyooka tena kikamilifu.

Ziweke ukuta wa ndani wa nyumba, si ule unaopakana na nje ambako unyevu hujikusanya kwenye kioo. Unyevu wa hewa wa asilimia 40 hadi 50 unatosha. Kipimo chake ni cha bei ndogo. Tumia mifuko ya plastiki isiyo na PVC, kwa sababu PVC hutoa mafuta yanayokula wino. Osha mikono, ikaushe kabisa, usipake losheni kwanza. Najua baridi inapasua ngozi, lakini subiri. Usibandike gundi. Usiipige pasi kuondoa mkunjo, nimeulizwa hilo zaidi ya mara moja.

Ni uwekezaji mzuri?

Kama unahitaji pesa hizo kwa kodi ya nyumba au ada ya mtoto, hapana. Bei hupanda na hushuka, na anayeuza kwa haraka huuza kwa hasara.

Lazima nijue sheria za besiboli?

Hapana. Nilikusanya mwaka mzima kabla sijaelewa kwa nini mpigaji anaweza kutoka bila kupiga. Kadi zenyewe zilinifundisha, hasa za chingamu, ambazo nyuma zina maelezo mafupi ya kila mchezaji.

Mwanangu ana miaka tisa na anazitaka. Nimpe?

Mpe yake mwenyewe. Kadi tatu za 1956 zilizochakaa, na azishike kwa vidole. Zilitengenezewa watoto.

Siku yenyewe ya kiza unaipitishaje?

Naamka saa nane. Naweka chai ya tangawizi, lakini kikombe kinakaa meza nyingine, hili sina mzaha nalo. Natoa kadi tano, si zaidi, nazipanga karibu na dirisha kwenye kitambaa cheusi. Kila moja naipa muda wake: kwanza bila lenzi, kisha na lenzi, kisha naigeuza. Daftarini naandika jambo moja nililoliona leo ambalo jana sikuliona. Wiki iliyopita, kwa Chance, niliandika hivi: ile nyekundu si sawa kote, kulia inakolea, kana kwamba mchoraji alidhamiria mwanga uingie kutoka kushoto.

Nyuma yake ni Piedmont, wino wa buluu, na chini kabisa imeandikwa kiwanda namba 25, Virginia. Kona moja ina alama ya penseli, herufi mbili za mtu aliyekuwa nayo. Saa kumi na nusu dirisha linakuwa jeusi, nawasha taa, na nyekundu inageuka rangi.